Pindo la Gauni la Wifi

Jumatatu, 4 Machi

Kosa ambalo karibu kila familia hulifanya ni hili: mzee akianguka, hutafutiwa kiti. Huketishwa, hufunikwa miguu, huwekewa maji mkono wa kulia na redio mkono wa kushoto, na kila anayepita humwambia, "Wewe kaa, usihangaike." Hufanya hivyo kwa upendo, na kwa adabu tuliyowafundisha sisi wenyewe, kwamba mtu mwenye malezi hamwachi mkubwa wake ainuke kufuata kitu. Nimepata adabu ya namna hiyo kwa miezi miwili mfululizo, na sasa siwezi kuinuka chooni bila kushika ukuta.

Nilianguka Januari, sebuleni, nikigeuka kuifuata simu. Sikuwa juu ya ngazi wala juu ya stuli. Nilianguka kutoka kimo changu mwenyewe, nikatanguliza mkono, na kifundo cha mkono kikavunjika. Plasta imetolewa Ijumaa. Nilitegemea kupewa pole na kuruhusiwa niende, lakini daktari akavuta kiti karibu.

"Mkono umepona," alisema. "Sasa tuulize habari za mifupa mingine. Mfupa wenye afya hauvunjiki kwa anguko dogo hivyo."

Kipimo kimeonyesha kwamba mifupa yangu imekuwa myepesi. Nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo kwa miaka thelathini na mmoja. Nimewahi kukamata mawe ya mizani yaliyotobolewa kwa chini na kujazwa nta: kwa nje yameandikwa kilo moja, kwa ndani gramu mia nane. Nikamwambia daktari kwamba basi nimekuwa jiwe la aina hiyo. Akacheka, akaniandikia kidonge cha mara moja kwa wiki, kinachomezwa asubuhi kabla ya kula, kwa gilasi nzima ya maji, kisha unakaa wima nusu saa bila kulala. Akaniandikia pia mtaalamu wa viungo atakayekuja nyumbani Jumatano na Jumamosi mpaka mvua ziishe. Daftari hili ni la kuweka hesabu ya mazoezi. Nimeamua kuandika na mengine, maana karatasi ni nyingi.

Jioni binti yangu alipiga simu. Anaishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima, ghorofa ya nne.

"Mama, nisikilize vizuri. Ukianguka tena, nakuja kukuchukua. Na shangazi ataenda kwa mwanawe. Sitaki mjadala."

Shangazi anayemsema ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Tumeishi naye nyumba hii miaka kumi na tisa, wajane wawili, tukigombana kuhusu chumvi na madirisha. Hakuna hata mmoja wetu anayetaka kwenda popote. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Basi usianguke," akasema, akarudi jikoni.

Jumatano, 6 Machi

Mtaalamu wa viungo amekuja. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, ana kipara na viatu visivyotoa sauti. Aliniamkia, akaketi, akaniomba nisimame kutoka kitini bila kutumia mikono. Nikamwambia hilo halina shida. Nikajaribu. Kiti kikaning'ang'ania kama kina gundi.

"Tena," akasema.

"Nimeshindwa, bwana."

"Ndiyo maana nasema tena."

Mara ya nne niliinuka nusu, nikarudi kwa kishindo. Akapiga makofi kana kwamba nimefunga goli. Wifi akatoka jikoni na kitambaa begani.

"Mwache mwenzio, baba! Amevunjika mkono mmoja, hujaridhika?"

"Shikamoo, mama. Nikimwacha ndipo atavunjika wa pili."

"Marahaba. Lakini chai yangu huipati kwa kumtesa mtu."

Chai aliipata. Alipoondoka, wifi alikuwa ameshampa jina: Bwana Tena.

Nieleze alichonieleza, kwa sababu nimekipenda. Mwili uliosimama haujatulia hata siku moja, hata wa kijana. Unayumba kidogo wakati wote, na misuli ya miguu inaurudisha. Ni kama mshale wa mizani nzuri: unacheza, kisha unarudi katikati. Mizani iliyofungiwa stoo miezi miwili mshale wake unanata. Ukiigusa, inalala upande mmoja.

Jumapili, 10 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la kibaraza linavuja palepale pa mwaka jana. Kusimama kitini bila mikono: mara moja, kwa kelele.

Jumanne, 12 Machi

Wifi ana magauni manne ya nyumbani, yote ya kipimo kimoja, yameshonwa na fundi mmoja. Leo ameyatoa kabatini akilalamika kwamba yanaburura.

"Huyu fundi macho yamemwisha. Tazama pindo, limekuwa fagio."

"Hilo si la mwaka juzi? Mbona halikuburura mwaka juzi?"

"Basi limerefuka kwa kufuliwa."

Nikamwambia kwamba pamba ikifuliwa hurudi, hairefuki, na nikamweleza jinsi nyuzi zinavyovutwa kiwandani na jinsi maji yanavyozilegeza. Nilikuwa bado katikati ya maelezo alipoondoka chumbani. Hata hivyo mjadala nimeshinda mimi.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeteleza. Kwenye mlango wa jikoni kuna tambara la kufutia miguu, na lilikuwa limelowa. Mguu ulikwenda nalo, mimi nikabaki nyuma. Nikadaka kitasa, mlango ukajipiga ukutani kwa nguvu, nikabaki nimening'inia kama koti.

"Nini hicho?" wifi aliita kutoka chumbani kwake.

"Upepo!"

Bwana Tena alipokuja saa nne, swali lake la kwanza lilikuwa lilelile la kila siku. "Tangu tuachane umeteleza, umejikwaa, au umeanguka?"

"Hapana," nikasema.

Nimekuwa mkaguzi maisha yangu yote na nimewatoza faini watu kwa uongo mdogo kuliko huu. Lakini nikimwambia yeye, ataandika. Akiandika, daktari atasoma. Daktari akisoma, binti yangu atajua, naye ataweka sanduku langu kwenye basi kabla sijamaliza kueleza kwamba sikugusa hata sakafu. Tambara nimelitupa. Nimemwambia wifi limechakaa.

Jumatano, 20 Machi

Leo somo lilikuwa kuinuka kutoka sakafuni. Nilimwambia Bwana Tena kwamba ninalipia kufundishwa nisianguke. Akasema anayejua kuinuka haogopi sana, na asiyeogopa sana hutembea vizuri zaidi.

Alitandika blanketi, akanisaidia kulala chini. Miaka mingi sijaiona dari ya sebule yangu kutoka pale. Kwanza, alisema, usikurupuke. Lala, pumua, ukague mwili kama unavyokagua mzigo uliodondoka: wapi panauma, mguu upi hautikisiki. Kama nyonga inauma sana, au mguu mmoja umekuwa mfupi au umepinda kwa nje, hapo husogei na husogezwi. Unaita msaada na kujifunika usipate baridi. Kama uko salama, unageukia ubavu, unajisukuma kwa mikono mpaka uwe magotini, unatambaa hadi kwenye kiti kizito. Mikono miwili juu ya kiti. Mguu wenye nguvu mbele. Unajiinua, unageuka, unakaa, unapumzika kabla ya kujifanya shujaa.

Wifi aliangalia yote akiwa ameegemea mlango, akicheka mpaka akashika mbavu.

"Mungu wangu, wifi yangu anatambaa! Kesho tutamnunulia njuga."

"Njoo na wewe, mama," Bwana Tena akamwambia. "Blanketi linatosha wawili."

"Mimi? Mimi sijaanguka. Mazoezi yangu ni kumhudumia huyu."

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Wifi anapita korido akiwa ameweka kiganja ukutani. Nilimuuliza anafanya nini. "Nausukuma, usituangukie."

Mara sita kitini.

Alhamisi, 28 Machi

Tumegombana, na safari hii si kuhusu chumvi. Asubuhi niliamka nikachemsha maji mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu Januari. Nilikuwa nimeshika birika kwa mikono miwili, taratibu, na ninafurahi. Akaingia na kuninyang'anya.

"Kaa, wifi. Nani kakwambia uinuke?"

"Miguu yangu ndiyo imeniambia."

"Miguu yako ndiyo iliyokuvunja mkono. Kaa, nitakuletea."

Nikamwambia maneno ambayo yalikuwa yamenikaa kooni kwa majuma: "Umenigeuza mgeni katika nyumba yangu. Unanihudumia mpaka nife."

Aliweka birika chini, akashika ukingo wa meza kwa muda, akainamisha kichwa, halafu akatoka. Nimekaa hapa nikiwaza kwamba nimewajua askari jela wapole kuliko yeye.

Jumanne, 2 Aprili

Siku tano hatuzungumzi isipokuwa kwa lazima. "Chumvi." "Hiyo hapo." Mvua. Mara nane kitini.

Ijumaa, 5 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nne na nusu asubuhi wingu lilishuka ghafla. Nguo zilikuwa kwenye kamba, kibaraza cha nyuma. Wifi alikuwa ameketi akichambua mboga. Akainuka kwa haraka, "Nguo!" na nikamsikia akikimbia, kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa nje, ila niliifahamu papo hapo. Mwili unapokutana na saruji hutoa sauti moja tu.

Nilimkuta amelala ubavu, shuka limemfunika nusu, na mvua inampiga miguuni. Macho yalikuwa wazi.

"Usinishike," akasema. "Utaanguka na wewe, tutakuwa wawili chini na nguo bado ziko kambani."

"Panauma wapi?"

"Hapaumi popote. Nipe mkono tu."

"Sikupi mkono. Una mikono miwili. Lala kwanza."

"Nilale kwenye mvua? Wifi, umelipiza kisasi cha birika?"

Nilitamani kumvuta. Nadhani kila mtu hutamani hivyo: kumwinua aliyeanguka upesi, kana kwamba akiwa amesimama itakuwa halikutokea. Nikajizuia. Nikamfunika vizuri kwa shuka lilelile, nikamwambia atikise vidole vya miguu, akatikisa. Akunje goti la kushoto, akakunja. La kulia, akakunja akisonya. Nikaitazama miguu yote miwili kwa jicho la kazi yangu ya zamani: urefu sawa, vidole vinatazama juu. Nikamgusa nyonga, akasema panawaka ngozini lakini ndani hapana. Mgongo je?

"Mgongo unauma tangu mwaka jana, huo usiuhesabu."

Nikaenda kuleta kiti cha jikoni, kile kizito cha mbao. Nilikibeba mwenyewe, hatua kumi na moja, na sijui nilipata wapi nguvu. Nikakisukumia ukutani kisiondoke.

"Sasa geuka ubavu. Mikono chini. Sukuma."

"Siwezi."

"Tena."

Akanitazama na maji yanamtiririka usoni, akaanza kucheka, nami nikacheka, na nusura kicheko kituharibie kazi. Lakini alifika magotini. Alitambaa. Pale kwenye kiti mguu wake wa mbele ulikwama, nikaona kwa nini: alikuwa amelikanyaga pindo la gauni lake, na kila akijiinua lilimvuta chini. Nikainama kwa kukunja magoti, nikalikunja gauni na kulichomeka kiunoni. Mara ya tatu alisimama, akageuka, akakaa. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba zimepita dakika arobaini.

Nilipogeuka nikachukue simu mezani, akanishika nguo.

"Usimpigie mtoto. Nakuomba. Mimi ni mzima."

"Hii ni mara ya ngapi?"

Mvua ilikuwa ikipiga bati.

"Wifi. Ya ngapi?"

"Ya nne tangu mwaka mpya."

Akanieleza. Kila akiinuka upesi, dunia inazunguka na macho yanaingia giza. Ukuta wa korido ndio umekuwa fimbo yake. Ile siku ya birika alishika meza kwa sababu hakuwa anaiona. Mara mbili alianguka chumbani kwake, mara moja bafuni, akainuka mwenyewe na kusema ameangusha ndoo. Nakumbuka ndoo hiyo. Nilimpa pole kwa ndoo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Ukianguka wewe, unachukuliwa. Nikianguka mimi, nachukuliwa. Nikawaza, mradi mmoja wetu anaonekana mzima, watatuacha. Basi nikawa mimi ndiye mzima."

Kumbe ndiyo maana alininyang'anya birika. Nilikuwa naishi na mtu aliyekuwa akitembea juu ya kamba huku amenibeba, nami nikamwita askari jela.

Nikampigia Bwana Tena kwanza. Alisema nimefanya vyema, twende hospitali leo hii hata kama anajisikia vizuri, na nimweleze daktari kuhusu kizunguzungu. Kisha nikampigia binti yangu. Wifi alifumba macho. Nikamwambia kwamba shangazi yake ameanguka na tunakwenda hospitali. Kwamba mimi mwenyewe niliteleza tarehe kumi na sita nikadanganya kuwa ni upepo. Na kwamba hakuna atakayehamishwa bila kuulizwa.

"Nakuja," akasema, na simu ikakatika.

Jumamosi, 6 Aprili

Nyonga nzima. Nimeandika neno hilo kwanza kwa sababu tulilisubiri kwa saa tatu kwenye benchi, wifi amenishika mkono ule uliowahi kuvunjika, kwa nguvu ambayo ingeweza kuuvunja upya. Nyonga ikivunjika kwa umri wetu, wengi hawarudi walivyokuwa, na wengine hawarudi kabisa. Sote wawili tulilijua hilo na hakuna aliyelisema.

Lakini picha ilionyesha kitu kingine. Mifupa miwili ya uti wa mgongo imebonyea, si jana, ni zamani. Ndiyo maumivu aliyoniambia nisiyahesabu.

"Mama, umepungua kimo?" daktari alimuuliza.

"Nani hupungua kimo? Nimepinda kidogo tu."

Wifi alikuwa opereta wa mitambo ya simu, akiwaunganishia watu simu zama za waya na plagi, na bado anatembea na kitambulisho chake cha kazi katika pochi. Kimo kimeandikwa humo: sentimita mia moja sitini na tatu. Muuguzi akamsimamisha kwenye kipimo. Mia moja hamsini na saba.

Niliomba kuona mwenyewe. Nikasoma mara mbili, jicho usawa wa alama, kama inavyotakiwa. Sentimita sita. Tuliporudi nyumbani nilichukua futi yangu ya kitambaa, nikamsimamisha wifi wima, nikapima kipande cha gauni kinachofagia sakafu: sita zilezile. Nimeshika vipimo vingi katika maisha, lakini hiki kilinifanya niketi kitandani pake.

Fundi hakukosea, wala gauni halikurefuka. Aliyepungua ni mwenye gauni. Mwezi mzima ushahidi ulikuwa ukipita mbele ya mkaguzi mstaafu, ukiburura sakafuni, naye akatoa mhadhara kuhusu pamba.

Daktari alimpima shinikizo la damu akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Lilishuka sana aliposimama. Dozi ya dawa yake ya shinikizo imepunguzwa, na dawa ya kikohozi aliyokuwa akiinywa ili apate usingizi ameambiwa aiache. Ameanzishiwa dawa ya mifupa kama mimi. Ameambiwa asiinue ndoo wala kuinamia vitu vizito, na akitaka kusimama akae kwanza ukingoni, atikise miguu, ahesabu mpaka ishirini.

"Kwa hiyo nikae?" wifi akauliza, na nikasikia kitu katika sauti yake, kama mtu anayesubiri hukumu.

"Hapana, mama. Utembee. Ila usikurupuke."

Jumanne, 9 Aprili

Binti yangu amefika jana jioni na masanduku mawili matupu. Nimeyaona, yeye ameona kwamba nimeyaona.

Leo, baada ya chai, aliketi kati yetu. "Mama, nilikuonya."

"Ulinionya," nikasema. "Na onyo lako ndilo lililotufunga midomo. Uliposema ukianguka nakuchukua, tuliacha kusema. Kuanguka hatukuacha."

Akalia, jambo ambalo sikulitarajia kwa mwanamke anayesimamia ofisi ya watu thelathini. Akasema Januari aliambiwa kuhusu mkono wangu baada ya siku tatu, na wifi alimwambia "amejigonga kidogo." Tangu hapo kila simu ikilia moyo unamruka. Masanduku yale hayakuwa adhabu. Alitaka tu alale usingizi.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," wifi akasema taratibu. "Nisamehe, mwanangu. Ni mimi niliyeanza."

Nilikuwa nimemwona binti yangu kama amri inayopiga simu. Kumbe ni mtu mwenye hofu, kama sisi.

Jumatano, 10 Aprili

Bwana Tena alimtaka binti yangu naye ashiriki, "ili aone tunachopima." Kusimama kwa mguu mmoja, mkono karibu na sinki. Mimi: sekunde saba. Wifi: tatu, kwa kusonya. Binti yangu, mwenye miaka arobaini na nne: tano, kisha akalishika friji.

"Tumchukue?" wifi akaniuliza. "Kwetu hakuna ngazi."

Bwana Tena alilazimika kuketi kwa kucheka. Mchana binti yangu alikwenda kumtafuta fundi wa nyumba.

Jumapili, 14 Aprili

Fundi amefunga vyuma vya kushika bafuni na kando ya choo, na ameziba pale kibaraza kinapovuja. Binti yangu ameviringisha zulia la korido na kulitoa. Magauni yote manne yamepunguzwa sentimita sita. Nilipima mimi, fundi cherehani akakata. Amekubali kwamba kosa halikuwa lake, na amefurahi kuliko nilivyotegemea.

Binti yangu ameondoka asubuhi. Masanduku yamerudi matupu. Mlangoni alisema, "Nitakuwa nauliza kila Jumapili. Na mkiniambia mmeanguka, nitasema asanteni kwa kuniambia. Kisha tutazungumza. Sawa?"

"Na ukikasirika?"

"Nitakasirika baada ya kukata simu."

Jumapili, 28 Aprili

Jua saa mbili nzima. Tumekaa nje, mikono wazi, kwa ajili ya mifupa. Dagaa mchana, maziwa jioni.

Jumamosi, 11 Mei

Sasa tunafanya mazoezi pamoja, asubuhi, kwenye ukingo wa meza ya jikoni. Tunatembea kisigino mbele ya kidole kama watu wanaopima uwanja. Wifi huhesabu kwa sauti yake ya mitambo ya simu: "Moja, subiri. Mbili, subiri. Tatu, namba unayopiga imechoka." Kuchemsha maji tunapokezana. Leo ilikuwa zamu yangu. Aliketi, akanitazama nikibeba birika, na nikaona mikono yake imeshikana mapajani ili isije ikaninyang'anya. Nimempelekea kikombe chake. Akakipokea kama mtu anayepokea kitu kizito.

Mara kumi na mbili kitini, bila mikono, bila kelele.

Jumapili, 26 Mei

Mvua zimekwisha. Ni majuma saba tangu ile asubuhi ya nguo, na hakuna aliyeanguka. Wifi alijikwaa mara moja kwenye kizingiti, na alikuja kuniambia kabla hata hajavaa kiatu vizuri. Daktari amemwona Alhamisi: akisimama, shinikizo halishuki tena kama zamani, na maumivu ya mgongo yamepungua. Mifupa yetu bado ni myepesi, na dawa itachukua muda. Lakini usiku ninalala, na kupitia ukutani ninamsikia wifi akikoroma, na sijawahi kufikiri kwamba ningeandika kwa furaha kuhusu sauti hiyo.

Binti yangu alipiga saa nane, kama kawaida. "Jumapili njema. Nani ameanguka?"

"Hakuna."

"Kweli?"

"Shangazi alijikwaa Jumanne."

"Asanteni kwa kuniambia. Sasa nakata simu nikakasirike."

Bwana Tena alimaliza zamu yake jana. Ameomba nimwachie daftari awasomee wagonjwa wengine na watoto wao. Nilimwambia ni la hesabu ya kiti tu, akasema amekwisha kulichungulia. Haya, alichukue. Wewe unayesomewa haya una mzee nyumbani, au jirani, au mwisho wa laini ya simu. Inawezekana anashika ukuta na anakwambia ni upepo, kwa sababu anaogopa utakachofanya ukijua.

Muulize leo kama ameanguka mwaka huu, na akikujibu ndiyo, mshukuru kabla hujasema neno jingine.